Kutoka Kisimani Hadi Kikombeni

Leo tunazungumza juu ya maji, na tutaanza nyuma kidogo, kwa sababu desturi zetu nyingi za maji hazikuanzia mjini. Zilianzia malishoni.

Nyanya zetu walikuwa watu wa kuhama. Mvua ikinyesha upande wa pili, familia ilibomoa makazi, ikapakia ngamia na kufuata majani. Mahali walipojisaidia palibaki nyuma, jua likapakausha. Maji yalikuwa machache, mara nyingine na matope, lakini uchafu wa watu wengi haukupata muda wa kurundikana karibu nayo. Ndiyo sababu bado unasikia mzee akisema, "Maji haya tulikunywa tangu utotoni na hatukufa." Waliokufa, mama, hawapo wa kusema.

Baadaye watu wengi wakaanza kukaa mahali pamoja. Tazama Wajir. Wafugaji walivijua visima vyake kwa vizazi vingi, wakavigombania, na Waingereza wakaweka kituo chao hapo mwaka 1912, kwa kuwa aliyeshika visima alishika watu. Maji ya Wajir hayako mbali na uso wa ardhi. Kwa mwenye ngamia hiyo ni neema kubwa. Lakini mji ulipokua, mtu akichimba shimo la choo alikutana na maji yale yale anayochota jirani yake kisimani. Kwa miaka mingi watu wa Wajir wakalazimika kutumia vyoo vya ndoo. Maji ya kisima kama hicho yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakamlaza mtoto.

Hapa Garissa tuna mto Tana, na maji yake hayamdanganyi mtu, kwani rangi yake ni ya udongo. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 yalifunika vyoo na visima pamoja, na kipindupindu kikasambaa sehemu nyingi za Kenya. (Homa ya Bonde la Ufa nayo iliua watu na mifugo hapa kwetu wakati huo, hiyo ina kipindi chake.) Kule Dadaab, kambi zilizofunguliwa kuanzia mwaka 1991 ziliweka maelfu ya familia za wafugaji mahali pamoja, na mwaka 2015 kipindupindu kiliingia huko pia.

Sasa utauliza, kama maji ya bomba yametiwa dawa, ugonjwa unapitia wapi? Jibu moja lilipatikana Kakuma, Turkana, kambi nyingine ya wakimbizi. Kipindupindu kilipozuka huko mwaka 2005, wachunguzi walilinganisha nyumba za wagonjwa na za wazima. Waliohifadhi maji ya kunywa katika vyombo vilivyofunikwa waliugua kwa uchache. Wanaotumia choo kimoja na familia nyingi waliugua zaidi.

Kwa hiyo chunga safari ya maji ndani ya nyumba yako. Mtungi wa mdomo mwembamba ni bora kuliko ndoo wazi, maana mkono wa mtoto hauingii. Uoshe ndani kwa sabuni na changarawe, utikise mpaka utelezi utoke. Usichovye kikombe, mimina. Maji ya mto yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yatie dawa ya maji kama chupa inavyoeleza na ungoje nusu saa. Kuchemsha ni kuzuri, ila tunajua kuni zilivyo mbali.

Na mtoto akianza kuharisha? Hapa kuna habari ya kambi nyingine tena. Mwaka 1971, mwaka ule ule kipindupindu kilipoingia Kenya, vita vya Bangladesh viliwakimbiza watu hadi Bangaon, nchini India. Maji ya kutundika mshipani yalikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi, glukosi na magadi katika mapipa, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka kutoka karibu watu 30 katika kila 100 hadi chini ya 4. Waliookoa wagonjwa wale, wengi walikuwa mama na dada wenye kikombe mkononi.

Paketi ya ORS ya zahanati imetokana na kazi hiyo. Ukiikosa, chukua lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa bapa, visirundikwe. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, uendelee. Usimkatize kunyonya. Zahanati itakupa pia tembe za zinki za siku 10 hadi 14. Zimalize hata akipona.

Lakini macho yakiingia ndani, au ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, au amelegea hawezi kunywa, au kinyesi kina damu, usingoje kuche. Hata kama usafiri uliopo ni mkokoteni wa punda, mpande. Na kama bado anaweza kumeza, chukua kile kikombe na kijiko, umnyweshe njia nzima.