Baada ya Kiama: Nyayo za Ng'ombe na Vita vya Koo Mkoani Mara

Wengi wanaoiwaza dunia iliyoporomoka huamini kwamba umeme ukizimika na serikali ikitoweka, jamii jirani zitashikiana mapanga papo hapo. Makala haya yanapinga dhana hiyo kwa ushahidi wa Mara, mkoa ambao umewahi kupitia kiama chake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliteketeza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, kisha ndui na njaa zikafuata. Wamaasai jirani walikuwa wamempoteza laiboni wao, yaani kiongozi wa kiroho, Mbatian, mwaka 1890. Wanawe Lenana na Sendeyo waligombea nafasi yake, na wafuasi wao wakapigana kwa miaka mpaka Sendeyo aliposalimu amri mwaka 1902. Magharibi mwa Serengeti, Waikoma, Wanata na Wangoreme nao waliingia katika njaa hiyohiyo. Jan Bender Shetler, katika kitabu chake Imagining Serengeti (2007), anaeleza jinsi watu waliotawanyika walivyojipanga upya kwa marika, na undugu wa rika ukavuka mipaka ya ukoo. Sidai kwamba huko hakukumwagika damu. Ninachodai ni kwamba uhaba wenyewe haukuamua nani ampige nani.

Tuje Itiryo, Tarime, karibu na mpaka wa Kenya, ule uliotokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 na kuwagawa Wakuria. Koo za Kikuria zimepigana mara nyingi kwa sababu ya ng'ombe na mashamba. Michael Fleisher, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2000, anaonyesha kwamba wizi wa mifugo uligeuka biashara yenye soko ng'ambo ya mpaka, na kwamba silaha za moto ziliongezeka baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79. Kwa maneno mengine, silaha za kisasa zilipofika, wizi ulizidi kuwa wa mauti.

Sababu ya wizi kugeuka vita vya koo iko kwenye nyayo. Ng'ombe akiibwa, mayowe hupigwa na vijana hufuata kwato alfajiri, umande ukiwa bado kwenye nyasi. Nyayo zikiishia kwenye mji fulani, wenye mji huo wana mawili: waonyeshe zilikoelekea, au walipe. Dai linakuwa na mlango wa kubisha, na wazee wanakuwa na jambo la kuamua kwenye iritongo, baraza la jamii. Lakini ng'ombe akipakiwa kwenye lori usiku, nyayo hukatika barabarani. Hapo hakuna wa kuulizwa, inabaki shuku tu, na shuku huuangukia ukoo jirani mzima, pamoja na mama aliye shambani na mtoto aliye njiani kwenda shule.

Serikali imeweka kanda maalumu ya kipolisi ya Tarime na Rorya. Inahitajika, lakini askari huwasili vita vikiwa vimeshaiva, ilhali baraza linaweza kulikamata dai likiwa bado bichi. Nawaomba watafiti wa vyuo vyetu waende Itiryo waandike, kwa Kikuria na kwa Kiswahili, namna iritongo inavyosikiliza kesi za mifugo na mipaka ya mashamba, wakati wazee wanaoujua utaratibu huo wangalipo.