Ofisi ya Meya, mkono mfukoni

Najua nimepotea. Kazi za chumba cha habari mnazijua: ukidhani umemaliza, mhariri anakuita tena. Leo nimeiba muda kidogo, na nataka kuzungumzia kipindi cha luninga. Msigune! Kuna jambo zito mbele ya safari, ila lazima nianzie kwenye kicheko.

Kipindi chenyewe kinaitwa Spin City. Ni vichekesho vya Marekani vilivyorushwa na kituo cha ABC kuanzia tarehe 17 Septemba 1996 hadi tarehe 30 Aprili 2002. Misimu sita, sehemu 145. Karibu mambo yote yanatokea ndani ya ofisi ya Meya wa Jiji la New York, na wahusika wakuu ni wale watumishi wanaomzunguka Meya: naibu wake, msemaji wake, mwandishi wa hotuba zake, mhasibu, katibu muhtasi. Waliokitunga ni wawili. Wa kwanza ni Gary David Goldberg, mkongwe aliyekwisha kutengeneza Family Ties miaka ya 1980. Wa pili ni Bill Lawrence, ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza hata miaka 30.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Katika siasa za Marekani, "spin" ni ule ufundi wa kuisokota habari mbaya mpaka itoke nzuri. Mkubwa kateleza ulimi, kesho yake msemaji wake anatokea na kusema kauli hiyo "imenukuliwa nje ya muktadha". Sisi waandishi tunaijua sana hiyo, na huku kwetu wataalamu wake hawakosekani.

Pia tukumbuke kwamba Meya wa New York si kama meya wa kwetu Tanzania. Kwetu meya anachaguliwa na madiwani wenzake, na shughuli za kila siku ziko kwa mkurugenzi. Kule Meya anapigiwa kura na wananchi moja kwa moja, polisi wa jiji wako chini yake, na bajeti ni yake kuipendekeza. Akikosea neno moja asubuhi, jioni ni habari ya nchi nzima. Wakati kipindi kinaanza, Meya halisi wa jiji hilo alikuwa Rudolph Giuliani, aliyeingia mwaka 1994, mtu mkali, mpenda ugomvi. Meya wa kwenye luninga, Randall Winston, aliyeigizwa na Barry Bostwick, alikuwa kinyume chake: mrefu, mtanashati, mwenye roho safi, ila kichwani mwepesi. Akiachwa peke yake na kipaza sauti, lazima avunje kitu.

Mwenye kazi ya kuokota vipande ni Naibu Meya, Mike Flaherty, aliyeigizwa na Michael J. Fox. Hapo ndipo kipindi kilipopata moto wake. Fox ni mfupi na anaongea kwa kasi. Anaingia mlango huu, anatokea mlango ule, mkononi ana faili, mdomoni ana uongo mpya. Katika sehemu ya kwanza kabisa Meya anateleza mbele ya waandishi alipoulizwa kuhusu maandamano ya mashoga. Mike anafanya nini? Anamtafuta mwanaharakati anayeipigia kelele ofisi hiyo, Carter Heywood, anampa ajira ndani ya ofisi. Adui akawa mfanyakazi. Ukitazama mchezo huo leo unacheka, halafu unakumbuka ni wanaharakati wangapi umewaona wakipewa vyeo na kunyamaza. Carter, kwa haki, hakunyamaza. Aliigizwa na Michael Boatman, naye akawa mmoja wa wahusika wenye akili zaidi pale ofisini.

Kilichonigusa zaidi mimi ni mpenzi wa Mike katika zile sehemu za mwanzo. Ni mwandishi wa habari anayeripoti mambo ya ofisi hiyohiyo! Nyumbani ni wapenzi, kazini mmoja anauliza na mwingine anaficha. Watunzi hawakuuendeleza mchezo huo kwa muda mrefu. Carla Gugino aliyemwigiza mwandishi huyo aliondoka kabla msimu wa kwanza haujaisha. Lakini swali lilibaki limening'inia: hivi inawezekana kumpenda mtu na huku kila siku unampa jibu lililosokotwa?

Sasa tuingie penyewe.

Watu walipokuwa wanacheka mwaka 1996 hawakujua kwamba mtu aliyekuwa mbele yao alikuwa anaficha jambo kubwa kuliko siri zote za Meya Winston. Mwaka 1990, akiwa Florida kwenye filamu ya Doc Hollywood, Fox aliamka asubuhi moja akaona kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinacheza chenyewe. Mwaka uliofuata madaktari walimwambia ana ugonjwa wa Parkinson. Alikuwa na miaka 30 tu. Ugonjwa huu, ulioelezwa na daktari James Parkinson wa London mwaka 1817, huwapata zaidi watu wenye umri mkubwa. Seli fulani za ubongo zinazotengeneza dopamini zinakufa kidogo kidogo. Mwili unatetemeka, unakakamaa, unakuwa mzito. Dawa zipo za kutuliza dalili. Ya kuponya haipo hadi leo.

Alificha miaka saba. Fikiria hilo kwa makini, msomaji. Spin City ilirekodiwa studio mbele ya watazamaji waliokaa kwenye viti, pale Chelsea Piers, New York. Fox alipiga mahesabu ya vidonge kama dereva wa basi anavyopiga mahesabu ya mafuta: nimeze saa ngapi ili dawa ishike kabla sijaingia jukwaani, na itanifikisha wapi. Siku nyingine dawa ilichelewa kushika, na watu wakasubiri bila kujua wanasubiri nini. Mkono wa kushoto aliuweka mfukoni, au akaushikisha kalamu, faili, simu, chochote. Nimezitazama upya sehemu za misimu miwili ya mwanzo nikiwa najua hayo, na sasa macho yangu hayaendi usoni kwake tena. Yanaufuata ule mkono. Zile mbio za mlango hadi mlango tulizodhani ni ufundi wa uchekeshaji, nyingine zilikuwa njia ya kuutawala mwili.

Kwa hiyo mtu aliyelipwa kuigiza bingwa wa kusokota habari alikuwa anaisokota ya kwake kila wiki, mbele ya mamilioni.

Kwa nini alificha? Ameeleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 2002, Lucky Man. Aliogopa kwamba watu wakijua anaumwa, hawataweza kucheka tena. Nani anamcheka mgonjwa? Machi 1998 alifanyiwa upasuaji wa ubongo kupunguza kutetemeka. Mwishoni mwa mwaka huohuo, mwezi Novemba, aliamua kusema hadharani. Kilichofuata kilimshangaza hata yeye: watu waliendelea kucheka. Kipindi kikaendelea. Tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji bora wa vichekesho aliipata mwaka 1998, akaipata tena 1999 na 2000.

Septemba 1999 aliitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Seneti kuhusu fedha za utafiti. Siku hiyo kwa makusudi hakumeza dawa. Alitaka maseneta waone ugonjwa wenyewe. Binafsi naihesabu siku hiyo kuwa ndiyo siku Mike Flaherty alipojiuzulu, ingawa kwenye luninga alijiuzulu miezi minane baadaye, tarehe 24 Mei 2000. Katika mchezo huo wa kuaga, kashfa ya genge la wahalifu inaikaribia ofisi ya Meya, na Mike anaibeba lawama ili bosi wake apone. Kisha anakwenda Washington, na huko anamtaja seneta mmoja kijana kutoka Ohio, Alex P. Keaton. Waliokuwa wametazama Family Ties walipasuka mbavu, maana hilo ndilo jina la kijana aliyeigizwa na Fox huyohuyo miaka ya 1980.

Baada ya hapo sitawachosha. Nafasi yake ilichukuliwa na Charlie Sheen, kazi ikahamishiwa Los Angeles, na baada ya misimu miwili mingine kipindi kikafungwa. Sheen hakuharibu, naye alipata Golden Globe mwaka 2002. Ila ile ofisi ilikuwa imeondokewa na mtu wake. Fox alianzisha taasisi ya utafiti mwaka 2000, na hadi sasa imetoa zaidi ya dola bilioni 2. Mwaka 2023 utafiti uliofadhiliwa na taasisi hiyo ulithibitisha kipimo cha maji ya uti wa mgongo kinachoweza kuonyesha dalili za ugonjwa kwenye seli, wakati mwingine hata kabla mtu hajaanza kutetemeka. Januari 2025 Rais Biden alimpa Nishani ya Uhuru. Goldberg, aliyemrudisha kwenye luninga, alikuwa ameshafariki mwaka 2013.

Sasa kwa nini nimewaletea stori ya Wamarekani?

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kwenye kikao cha baraza la madiwani. Halmashauri siitaji. Mtumishi mmoja mtu mzima alisimama kusoma taarifa ya mapato na matumizi. Karatasi ilitetemeka mkononi mwake hadi kipaza sauti kikawa kinatoa mlio wake. Diwani mmoja akapaza sauti, "Mapato hayo yana homa!" Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikacheka, nikaandika. Sikuandika uongo. Niliandika kwamba mtumishi huyo alitetemeka wakati akisoma hesabu. Mhariri alilipenda neno hilo, akalipandisha kwenye kichwa cha habari. Kila aliyesoma akaelewa alichotaka kuelewa: huyu kala hela.

Hela hazikuwa zimeliwa. Hesabu zilikuwa safi. Nilikuja kujua baadaye sana, kwa mtu mwingine, kwamba mzee yule alikuwa anaumwa, na kwamba alikuwa ameomba kustaafu mapema.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kuhusu ugonjwa huu, na ndipo nikakutana na jambo la kwetu wenyewe. Madaktari wa Tanzania na Uingereza walifanya utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000 walipata wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari yeyote wanaumwa nini. Hebu jiulize: mtu anatetemeka miaka nenda rudi, jina la ugonjwa hana. Jirani anamwambia umerogwa, mwingine anasema ni pombe, mwingine anasema ni uzee tu. Halafu anakuja mwandishi wa habari na kusema ni wizi.

Nilikwenda kumwona mzee huyo nyumbani kwake. Nilimkuta barazani, kikombe cha chai kimejazwa nusu tu, nadhani mnajua kwa nini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa gazeti."

Nilikiri. Nikaomba msamaha, maneno yakinikwama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Ungeniuliza tu."

Nikajibu ndiyo mzee, nilipaswa kukuuliza. Akacheka kidogo, akaongeza, "Na ungeniuliza, ningekudanganya. Ningesema nimeamka na malaria."

Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu. Mzee alikuwa anaisokota habari yake, kama Fox. Aliogopa kuonekana hafai kazi, kama Fox. Tofauti ni kwamba Fox alipoamua kusema, alikuta watu wamekaa tayari kumsikiliza, na daktari, na dawa. Mzee wangu alikuwa na ukumbi wa madiwani wanaocheka, na mimi pembeni na kalamu yangu.

Tangu siku hiyo, nikiona mtu anatetemeka, anasitasita au anatokwa jasho mbele ya kipaza sauti, siandiki. Ninasubiri kikao kiishe, ninamfuata pembeni, ninauliza. Akinidanganya, basi. Angalau nimeuliza. Gazeti halikuwahi kuchapisha masahihisho, maana kila neno katika habari ile lilikuwa kweli. Kwa hiyo nimeyaandika hapa.

Wapo mnaomfahamu mtu mwenye mkono wa namna hiyo, babu, mwalimu wenu wa zamani, fundi wa mtaani. Mpelekeni hospitali akapimwe na daktari. Na kama ana mkono mfukoni, msimlazimishe autoe.