Longquan, Kwenye Asili ya Kauri ya Kijani

Katika magofu ya Gedi, na kule Kilwa Kisiwani, pwani ya Afrika Mashariki, wanaakiolojia wamefukua vigae vya kijani vyenye utando wa kioo. Vingi vilichomwa Longquan, milimani kusini-magharibi mwa jimbo la Zhejiang, China. Historia yetu humtaja sana nahodha na tajiri aliyevinunua. Mfinyanzi hatumtaji, na mimi naona heshima ya kwanza ni yake.

Longquan palikuwa na udongo mzuri, misonobari ya kuni na mto wa kusafirishia. Mwaka 1127 wafalme wa nasaba ya Song walipoteza kaskazini, na baadaye walipohamia mji wa Hangzhou, soko kubwa likasogea karibu.

Kijani kile si rangi ya kupaka. Mawe yaliyosagwa, majivu na udongo wenye chuma kidogo hukorogwa na maji hadi kuwa uji, kisha chombo huchovywa humo. Vyombo bora vya enzi hiyo vilichovywa tena na tena, utando ukawa mnene, wa kijani kilichopoa kama jiwe la jedi. Kisha kila kimoja kiliwekwa ndani ya mkebe wa udongo ili majivu yasikirukie, na mikebe ikapangwa katika tanuri refu lililopanda mlima kwa makumi ya mita. Moto ulikokwa chini, kuni nyingine zikapenyezwa kwenye matundu ya ubavuni, mpaka joto lipite nyuzi 1,200.

Ugumu wenyewe ulikuwa hewa. Ikiingia nyingi, chuma huleta manjano au kahawia. Ikibanwa, moto hukinyang'anya chuma oksijeni na kijani hutokea. Fundi hakuwa na kipimo ila jicho lake, akisoma rangi ya moto usiku na mchana.

Vyombo vilishuka mto Ou hadi Wenzhou, kisha baharini. Meli iliyozama pwani ya Korea mwaka 1323 ilibeba vyombo vya kauri zaidi ya 20,000, na zaidi ya nusu vilikuwa vya Longquan.

Katika karne ya 15, kauri nyeupe ya michoro ya buluu kutoka mji wa Jingdezhen iliteka soko na matanuri mengi yakazimika. Ufufuaji ulianza mwaka 1957, na mwaka 2009 UNESCO ikaitambua kazi hii. Siku hizi wengi huchoma kwa gesi, lakini matanuri ya kuni yangali yanawashwa, na bado fundi husimama kwenye tundu akitazama rangi ya moto.