Aberfan 1966: Chemchemi ilikuwa kwenye ramani

Leo nawaletea historia kidogo. Watu wa uhandisi watasema hii mada ni yao, watu wa historia nao watadai ni yao. Mtagombania wenyewe huko kwenye maoni.

Aberfan ni kijiji cha wachimba makaa ya mawe kule Wales. Mgodi ukichimbwa, mawe na udongo usio na kazi lazima umwagwe mahali. Pale walikuwa wanamwaga juu ya mlima, kijiji kiko chini. Lundo la 7 lilianzishwa 1958, na lilikalia moja kwa moja chemchemi na kijito. Juu yake wakaongeza na tope laini linalobaki baada ya makaa kusafishwa. Kufikia 1966 lilikuwa na urefu wa mita 34 hivi.

Ijumaa ya tarehe 21 Oktoba 1966, baada ya wiki kadhaa za mvua, kama saa 3 na robo asubuhi lundo likaachia. Likashuka kama uji mzito mpaka kwenye Shule ya Msingi Pantglas, watoto ndo kwanza wameingia madarasani. Walikufa watu 144, na 116 kati yao ni watoto. Jamani, kizazi kizima cha kijiji.

Sasa kwa nini maji yafanye hivi? Kifusi kinasimama kwa sababu chembe zake zinakandamizana, na huo msuguano ndo unazuia kisiteleze. Maji yakijaa katikati ya chembe, nayo yanasukuma. Chembe zinapungua kubanana, msuguano unashuka, ila uzito uko palepale. Kama kifusi ni kilegevu na kimeloa, kikianza kusogea tu kinageuka kuwa uji. Karl Terzaghi alishaeleza kanuni hii ya shinikizo la maji kwenye udongo miaka ya 1920. Kwa hiyo 1966 haikuwa elimu mpya.

Ndo maana mtu anayepima usalama wa mteremko anagawanya nguvu zinazozuia kwa nguvu zinazosukuma. Jibu likiwa 1, uko ukingoni kabisa. Na kabla ya hesabu yoyote swali la kwanza ni: maji yako wapi? Unaangalia ramani, unatembea mlima mzima kutafuta sehemu zinazotoa maji, unachimba vitobo na kuweka mabomba ya kupima maji yamefika kina gani, halafu unaweka mifereji ya kuyatoa.

Aberfan hakuna aliyefanya hivyo. Siku chache baada ya maafa, mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, Lord Robens, alisema chanzo ni chemchemi za asili ambazo hazikujulikana. Tume ya uchunguzi ilikaa siku 76, na ikaonekana chemchemi hizo zimechorwa kwenye ramani, na wenyeji walizijua siku zote! Tena onyo lilikuwepo: Lundo la 4 liliteleza 1944, na hilohilo la 7 liliteleza 1963. Mwaka huohuo wa 1963 mhandisi wa halmashauri aliandika barua kuhusu hatari ya tope kumwagwa nyuma ya shule. Mwaka 1965 kina mama walipeleka malalamiko shuleni kuhusu mafuriko.

Ripoti ya Agosti 1967 ikailaumu Bodi. Lakini hakuna aliyeshtakiwa, hakuna aliyefukuzwa kazi. Kibaya zaidi, pauni 150,000 zilichukuliwa kwenye michango ya wafiwa ili kuondoa malundo yaliyobaki. Zilirudishwa 1997, bila riba. Angalau sheria ya malundo ya migodi ilipitishwa Uingereza 1969.

Linganisha na Bingham Canyon, mgodi wa shaba kule Utah, Marekani. Tarehe 10 Aprili 2013 zaidi ya tani milioni 100 za mwamba ziliporomoka, na hakuna aliyekufa. Mitambo ilikuwa imeona ukuta unasogea, watu wakaondolewa mapema.

Sisi nasi tunayajua maji ya migodini. Mererani mwaka 1998, na tena 2008, mvua zilifurisha mashimo ya tanzanite na kuua makumi ya wachimbaji. Pale ni mafuriko, siyo maporomoko ya lundo, lakini swali ni lilelile: maji yatapita wapi?

Wadau mnaosomea migodi, siku mkipewa mlima wa kupima, anzeni na ramani, halafu mkaongee na bibi anayechota maji pale chini. Aberfan walikuwa na vyote viwili, ramani na wenyeji. Aliyekosekana ni wa kuuliza.

Nawasilisha.