Nyoka, Saa na Kitana: Taashira na Dokezo la Mambo Yajayo kutoka Picha ya Mamba-Muntu hadi Tamthilia ya Televisheni

1. Utangulizi

Mhakiki wa tamthilia za televisheni zenye mambo ya ajabu, yaani zile za majini, mizimu, wachawi na mikataba ya siri ya utajiri, hukabiliwa mapema na dhana mbili. Ya kwanza ni taashira: kitu kinachoonekana kusimama badala ya jambo lisiloonekana. Ya pili ni dokezo: alama inayotangulia tukio na kumwandaa mtazamaji kulipokea. Aghalabu dhana hizi hushughulikiwa kana kwamba zimeletwa na kamera. Makala haya yanadai kwamba katika Katanga ya Juu, na hasa katika miji ya migodi kama Likasi, watazamaji walikuwa wamefundishwa kusoma alama za namna hiyo kabla televisheni haijaenea majumbani mwao. Mwalimu wao alikuwa picha ya ukutani.

Hoja ya pili inatokana na hiyo ya kwanza. Alama ilipohama kutoka ukutani kwenda kwenye kioo cha televisheni, ilipoteza kitu kimoja muhimu, nacho ni shaka. Upotevu huo una gharama kwa watu halisi, kama itakavyoonyeshwa katika sehemu ya tano.

2. Mamba-muntu kama tamthilia iliyokunjwa

Katika miaka ya 1970 wachoraji wa miji ya Shaba, kama Katanga ilivyoitwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1997, waliuza picha zao kwa wafanyakazi wa migodi, makarani na wenye vibanda. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliozichunguza picha hizo, walionyesha kwamba wenyeji walizipima kwa neno moja la Kiswahili: ukumbusho. Picha njema ilikuwa ile iliyomkumbusha mtu jambo na kumfanya alisimulie. Miongoni mwa zilizopendwa zaidi ni ile ya mamba-muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, ngozi nyeupe na nywele ndefu.

Wanahistoria wa sanaa wamefuatilia safari ya sura hii. Henry Drewal ameonyesha kwamba sura ya Mami Wata inayojulikana Afrika Magharibi ilipata nguvu kutokana na picha ya mwanamke mcheza na nyoka iliyochapwa Hamburg katika miaka ya 1880, ikachapwa tena Bombay mwaka 1955, nakala 12,000, kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kumasi. Sura za kigeni zilipofika Kongo zilikutana na masimulizi ya zamani juu ya viumbe wa mito na maziwa, zikapata maisha mapya.

Kisa kinachoandamana na picha hiyo kina sura nyingi, lakini mfupa wake ni mmoja. Mtu huokota kitu cha mamba-muntu, kwa mfano kitana au unywele. Usiku mwenye mali humjia ndotoni kudai chake. Mapatano hufanyika: mtu atapata utajiri, ila atunze siri na awe mwaminifu kwake. Mwishoni deni hulipwa kwa uhai, aghalabu wa jamaa wa karibu.

Sasa tuitazame picha. Hatuoni mapatano wala kifo. Tunaona nyoka, kitana na, mara nyingi, saa ya mkononi. Kitana ni mwanzo wa kisa. Saa ni utajiri wa mjini, tena ni chombo cha kuhesabu muda, nao muda wa mkataba unakwisha. Nyoka ni mjumbe na ni malipo. Taashira na dokezo vimeshikana: kila kitu kilichochorwa kinasimama badala ya jambo na papo hapo kinalitangulia. Tamthilia nzima imekunjwa ndani ya fremu moja, na anayeikunjua ni mgeni aliyeketi sebuleni.

3. Kwa nini Likasi?

Alama haisomeki mahali pasipo na historia ya kuisoma. Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati wa Wabelgiji na kurudishiwa jina lake mwaka 1966, ni mji uliotokana na shaba na kobalti. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, na baada yake Gécamines, ziliwapa wafanyakazi nyumba, shule, hospitali na posho. Mali ilitoka chini ya ardhi kwa njia ambazo mchimbaji hakuzimiliki, ikaondoka kwa treni kwenda asikokujua. Karibu na mji huo upo mgodi wa Shinkolobwe, ulikotoka urani iliyotumika katika mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. Waliolichimba jiwe lile hawakuambiwa lilikuwa likitangulia nini.

Katika mazingira hayo, hadithi ya utajiri unaotoka mahali pasipoonekana na kudai uhai wa watu si ndoto ya wajinga. Ni maelezo ya uchumi kwa lugha ya taashira. Hivyo ndivyo zilivyosomeka pia habari za batumbula, wateka watu wa usiku waliosemwa kuwatumikia Wazungu, zilizoenea Katanga wakati wa ukoloni.

Historia nayo ilifikia ukomo wa mkataba wake. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na mwaka 1993 uzalishaji ulishuka chini ya tani 50,000. Katika miaka hiyo hiyo, 1992 na 1993, wakazi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Maelfu walikaa katika stesheni ya Likasi wakingoja treni, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Umaskini ulipoingia, lilizuka swali lile lile la kisa cha mamba-muntu: ni nani aliyekula mali, na nani amelipishwa? Safari hii jirani alionyeshwa kidole.

4. Kutoka ukutani hadi kwenye kioo

Kiswahili cha Katanga kiliingia mapema katika tamthilia ya redio na televisheni kwa juhudi za kundi la Mufwankolo la Lubumbashi. Mchezo wao wa mwaka 1986, uliojengwa juu ya methali inayosema kwamba madaraka huliwa mazima, ulirekodiwa kwa ajili ya televisheni na kuchunguzwa na Fabian katika kitabu chake cha mwaka 1990. Waigizaji hawakuwa na maandishi kamili. Walikubaliana juu ya muundo, kisha wakatunga maneno jukwaani. Hapo methali ilifanya kazi ya dokezo, kwa kuwa mwelekeo ulijulikana na njia ikabaki wazi.

Tamthilia za miujiza zilizofuata zilichukua njia nyingine. Filamu ya Nigeria *Living in Bondage* ya mwaka 1992 ni kielelezo. Andy, mume asiyeridhika na kipato chake, anakutana na rafiki yake wa zamani, Paulo, aliyetajirika. Utajiri usioelezwa chanzo chake ndio dokezo la kwanza, kama saa mkononi mwa mamba-muntu. Andy anaingizwa katika kundi la siri na kumtoa mkewe, Merit, kuwa kafara. Anatajirika, lakini mzimu wa Merit unamtokea hadi anapoteza akili. Mfupa wa kisa ni ule ule: siri, mali, deni la uhai.

Huko Kinshasa, tamthilia za vikundi vya uigizaji vilivyo karibu na makanisa ya uamsho, ambazo Katrien Pype alizitafiti katika miaka ya 2000, zilikamilisha mabadiliko hayo. Ndani yake ndoto huthibitika, mchawi hufichuliwa, na mchungaji hufunga kisa kwa maombi na ungamo. Bogumil Jewsiewicki ameeleza kwamba kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 picha za Mami Wata zilianza kutoweka majumbani, kwa kuwa waumini waliziona kuwa mlango wa Shetani. Taashira iliyokuwa ukumbusho ikageuka ushahidi.

5. Hatari ya alama isiyokosea

Hapa ndipo tofauti ya kifani inapokuwa suala la maisha. Mbele ya picha, mgeni mmoja husema mamba-muntu ni tamaa, mwingine husema ni mji, wa tatu hucheka. Kwenye kioo, mwandishi anaujua mwisho na hupanda dalili ili zitimie. Mtoto anayekodoa macho katika onyesho la pili lazima awe mchawi katika onyesho la kumi, la sivyo mtazamaji atasema amedanganywa. Hiyo ni kanuni ya haki ya utunzi: alama iliyoonyeshwa bure ni kasoro ya fani.

Maisha hayana kanuni hiyo. Mtoto anayekojoa kitandani, anayeota ndoto mbaya au aliyefiwa na wazazi wake hatangulii tukio lolote. Hata hivyo, katika miji ya Kongo watoto wengi wamefukuzwa makwao au kuteswa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi mashtaka huanza na dalili za namna hii. Sababu zake ni nyingi: ufukara, vifo, vita, kuvunjika kwa jamaa. Haitakuwa sahihi kuitwisha televisheni mzigo wote. Lakini tamthilia ambayo dalili haikosei hata mara moja humpa mshtaki sarufi ya kusemea. Sheria imelitambua jambo hili. Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 2006 inakataza kuwashtaki watoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu kwa kosa hilo.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba taashira na dokezo katika tamthilia za miujiza zina historia ndani ya Katanga yenyewe, katika picha, katika uvumi wa wakati wa ukoloni na katika uchumi wa migodi. Tumeona pia kwamba kuhama kwa chombo kulibadili uhusiano wa alama na msomaji wake: picha ilimwachia mtazamaji kazi ya kusimulia, tamthilia ikamfanyia kazi hiyo.

Mwalimu wa fasihi ana wajibu hapa. Anapomfundisha mwanafunzi kutambua dokezo, amfundishe pia kuuliza ni nani aliyelipanda, na kwa kuwa alijua mwisho upi. Mwanafunzi akishaelewa kwamba dalili hutimia kwenye kioo kwa sababu mtunzi ameipanga, hatakuwa mwepesi kuitafuta katika uso wa mtoto wa ndugu yake. Uhakiki wa namna hiyo ni sehemu ya elimu ya raia, na Likasi ni miongoni mwa miji yenye haki ya kuudai.