Kwa nini uchungu wa bia haufanani kwa kila mnywaji?

Jioni katika tarafa ya Rugerero, wilayani Rubavu, si ajabu kuwakuta watu wawili wakibishana juu ya chupa moja. Mmoja ameonja na kukunja uso: bia ni chungu mno, tena ina harufu asiyoielewa, bila shaka imeharibika. Mwenzake ameonja bilauri ileile na hakuona kasoro. Muuzaji amesimama kati yao akihofia jina la duka lake. Utafiti wa karibu karne moja unaonyesha kwamba wote wawili huenda wanasema kweli. Makala haya yanaeleza sababu zake, namna ya kuumaliza ubishi huo kwa haki, na hatari moja ambayo ulimi wa mtu yeyote hauwezi kuigundua.

Hopsi na uchungu wake

Rubavu na bia ni majirani wa siku nyingi. Kampuni ya Bralirwa ilianzishwa Gisenyi mwaka 1957, na kiwanda chake cha bia kiko Nyamyumba, tarafa inayopakana na Rugerero, ufukweni mwa Ziwa Kivu. Mwaka 1963 gesi ya methani iliyovutwa kutoka vilindi vya ziwa hilo ilianza kutumika kuchemshia mitambo ya kiwanda hicho. Lakini zamani kabla ya viwanda, wenyeji walikuwa na urwagwa wa ndizi na ikigage cha mtama, vinywaji ambavyo havitiwi hopsi.

Hopsi ni mmea unaopanda juu ya kamba au miti, na maua yake ya kike hubeba utomvu wa manjano wenye uchungu na manukato. Hustawi penye siku ndefu za kiangazi, mbali na ikweta, na kwa hiyo viwanda vya Afrika Mashariki huagiza hopsi kutoka nje. Barani Afrika, mashamba yanayojulikana zaidi yako karibu na mji wa George, kusini mwa Afrika Kusini.

Ndani ya utomvu huo mna asidi ziitwazo alfa. Hopsi inapochemshwa pamoja na maji ya kimea, joto hubadili umbo la asidi hizo, nazo huyeyuka na kuipa bia uchungu wake. Hulinda bia pia dhidi ya baadhi ya bakteria. Watengenezaji hupima uchungu kwa kipimo ambacho uniti moja hukaribia miligramu 1 ya asidi zilizobadilika katika lita 1 ya bia. Bia nyepesi za rangi ya dhahabu zilizozoeleka katika kanda yetu huwa na uniti chache, mara nyingi chini ya 20. Bia za mtindo wa IPA, uliozaliwa Uingereza na kupata umaarufu mpya Marekani, huweza kuwa na uniti 40 hadi 70 au zaidi. Kipimo hicho, hata hivyo, huhesabu kilichomo ndani ya chupa. Hakisemi lolote juu ya kinywa kitakachokipokea.

Vumbi lililowagawa wanakemia wawili

Mwaka 1931, katika maabara ya kampuni ya DuPont nchini Marekani, mwanakemia Arthur Fox alikuwa akimimina unga wa kemikali iitwayo kwa kifupi PTC. Vumbi likatimka. Mwenzake akalalamika kwamba hewa imekuwa chungu kinywani, ilhali Fox hakuhisi kitu. Wakaonja unga wenyewe, na matokeo yakawa yaleyale. Fox aliwajaribu watu wengine, akagundua kwamba binadamu wamegawanyika: kuna wanaoonja uchungu wa PTC na kuna wasiouonja kabisa. Baadaye ilidhihirika kuwa tofauti hiyo hurithiwa katika ukoo, na mwaka 2003 wanasayansi wakaitambua jeni inayoiongoza kwa sehemu kubwa, TAS2R38.

Jeni hiyo ni moja tu kati ya takriban 25 zinazotengeneza vipokezi vya uchungu mwilini mwa binadamu. Kipokezi ni mithili ya kufuli juu ya seli ya ulimi: kila kufuli hufunguliwa na funguo zake. Katika miaka ya 1990, mtafiti wa Marekani Linda Bartoshuk alieleza kwamba miongoni mwa watu aliowapima, takriban robo hawakuhisi uchungu wa kemikali iliyo jamaa ya PTC, nusu waliuhisi kwa kiasi, na robo waliuhisi kwa ukali mno. Uwiano huo hubadilika kutoka jamii hadi jamii, na uchunguzi uliofanywa Afrika umekuta aina nyingi zaidi za jeni hiyo kuliko zilizojulikana kwingineko.

Hapa pana kosa linalorudiwa mara nyingi. Wapo wanaodai kwamba karatasi ya PTC ikiwekwa ulimini yatosha kutabiri nani ataipenda bia ya hopsi. Sivyo. Watafiti nchini Ujerumani walionyesha mwaka 2009 kwamba uchungu wa hopsi hufungua kufuli nyingine: TAS2R1, TAS2R14 na TAS2R40. Mtu asiyeonja PTC kabisa anaweza kuihisi hopsi barabara. Uhusiano uliopatikana kati ya majaribio hayo mawili upo, lakini haumhukumu mtu mmojammoja.

Pua ndiyo mwonjaji mkuu

Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda kutoka kinywani hadi puani kwa njia ya nyuma ya koo. Mwenye mafua hulijua hilo: chakula humpotea, ingawa ulimi wake ni mzima.

Hopsi ina manukato mengi: balungi, nyasi mbichi, maua, utomvu wa msonobari. Baadhi ya aina zake zina chembe za salfa ambazo mmoja huzisikia kama tunda tamu, mwingine kama kitunguu saumu, na mwingine kama mkojo wa paka. Kiasi huchangia: chembe ileile ikiwa kidogo hupendeza, ikizidi huchukiza. Jeni nazo huchangia. Katika hopsi, na pia katika maua na matunda kadhaa, mna kemikali iitwayo beta-iononi. Watafiti wa New Zealand walionyesha mwaka 2013 kwamba tofauti ndogo katika jeni ya kunusia OR5A1 huwagawa watu: wenye hisia kali huieleza kama manukato ya maua, na wenye hisia hafifu huikosa, au hukisikia kinywaji kuwa kikali na chenye uchachu. Ni jambo la namna ileile linalowafanya baadhi ya watu kusema majani ya giligilani yananuka sabuni.

Basi anayesema bia ina harufu ya ajabu si lazima awe mbishi au mwenye kujitia ujuzi.

Mazoea, joto na jua

Maumbile si hadithi yote. Uchungu kwa asili ni onyo, kwani mimea mingi yenye sumu ni michungu; ndiyo maana mtoto hutema intoryi au dawa kwa nguvu kuliko mzazi wake. Mtoto huyo hastahili kuitwa mkaidi. Lakini binadamu hujifunza. Anayekunywa maji ya umubirizi kama dawa, au kahawa isiyo na sukari, amekwisha kuufundisha ubongo wake kwamba si kila uchungu ni adui. Aliyelelewa na urwagwa, wenye harufu ya ndizi na utamu uliochanganyika na uchachu, akikutana na IPA kwa mara ya kwanza anakutana na lugha ngeni.

Hali ya kinywaji nayo ina sauti. Swali la mhudumu wa Rwanda, kama mteja anataka bia baridi au ya moto, yaani isiyotiwa barafuni, si dogo: ubaridi hufunika harufu, na uvuguvugu huziachilia. Chumvi ya nyama choma hupunguza uchungu. Umri, ujauzito, uvutaji wa sigara, baadhi ya dawa na maradhi kama UVIKO-19 huweza kubadili ladha na harufu.

Ipo pia kasoro ya kweli. Mwanga wa jua ukiifikia bia yenye hopsi huvunja chembe za uchungu na kuzaa kemikali ya salfa yenye uvundo, ambayo pua huikamata hata ikiwa ndogo ajabu. Chupa ya kahawia hukinga kuliko ya kijani au nyeupe. Kreti iliyoachwa juani mbele ya duka yaweza kumpa mlalamikaji haki, na si kosa la kiwanda.

Lugha huongeza ugomvi

Katika Kiswahili cha kwetu, neno "kali" hubeba mizigo mingi: pilipili ni kali, ndimu ni kali, pombe yenye nguvu ni kali, na hata bia chungu huitwa kali. Yafaa kutenganisha. Uchungu ni ule wa kwinini. Uchachu ni ule wa ndimu. Ukakasi ni ule wa ndizi mbichi unaokausha kinywa. Mteja akisema lipi kati ya hayo limemkera, nusu ya ubishi huisha.

Kwa nusu iliyobaki, wataalamu hutumia jaribio la bilauri tatu. Mbili hutiwa bia isiyo na shaka na moja hutiwa ile inayolalamikiwa, kisha mwonjaji, bila kuona zikimiminwa, huulizwa ni ipi iliyo tofauti. Akibahatisha ana nafasi moja kati ya tatu. Watu sita wakipatia wote, nafasi kwamba ni bahati tupu ni moja kati ya 729: hapo pana tofauti ya kweli, na chupa irudishwe. Wakitawanyika, jaribio halijathibitisha kasoro, na huenda tofauti imo vinywani.

Ulimi si maabara

Onyo la mwisho ndilo zito. Wapo wanaoamini kwamba mwenye ulimi mkali hawezi kunyweshwa pombe yenye sumu. Imani hiyo huua. Methanoli, inayoweza kuwamo katika pombe haramu, haitofautishwi na pombe ya kawaida kwa ladha wala kwa harufu, hata na mwonjaji hodari. Dalili zake huweza kuchelewa kwa saa nyingi: kuumwa kichwa, kutapika, maumivu ya tumbo, na macho kuona ukungu. Mwenye dalili hizo baada ya kunywa apelekwe kituo cha afya mara moja, wala asisubiri zipite zenyewe, kwa kuwa tiba ipo na kila saa ina thamani.

Kadhalika, kinywaji kisicho na uchungu si ushahidi wa usalama. Usalama hutokana na kujua kimetengenezwa wapi, kina kibali gani na muda wake umeisha au la. Kwa walio chini ya miaka 18, sheria ya Rwanda inakataza kuuziwa pombe, na kwa wasiokunywa kwa imani au kwa hiari, maarifa haya yatawafaa mezani: mwenzako akisema mboga ni chungu, nawe huhisi hivyo, usimkatalie kabla ya kukumbuka kwamba ulimi wake si wako.