SOMO LA HISTORIA: BAISKELI KATIKA MTEREMKO

Chukueni daftari na kalamu, maana historia ya leo ina hesabu ndani yake.

Kila mmoja wenu amepata kumwona mtu akiteremka kutoka vilimani, baiskeli yake imebeba mikungu ya ndizi. Kule juu huanza polepole, hata mtoto aweza kumfuata kwa miguu. Akifika chini, karibu na ziwa, watu humpisha njia mbio mbio. Naye hakupiga pedali hata mara moja. Basi kasi ile iliongezeka kwa kiasi gani?

Swali la namna hii lilimshughulisha sana Galileo, mtaalamu wa Italia, aliyezaliwa Pisa mwaka 1564. Jiwe likidondoka, jicho haliwezi kulifuata, na saa nzuri ya kuhesabu sekunde siku zile hapana. Akafanya hila. Alichukua ubao wenye urefu wa mikono 12 hivi, akauchonga mfereji mwembamba, kama ule mnaouona katika bua la jani la mgomba. Akauinamisha kidogo, akaviringisha ndani yake gololi ya shaba. Kwa hiyo mwanguko ukawa wa polepole, ukapimika. Muda aliupima kwa maji: yalitoka chomboni kwa tundu jembamba, akayakinga, akayatia katika mizani. Maji yakizidi, muda umezidi. (Asiye na saa asidhani kwamba elimu hii si yake.) Aliandika kwamba alirudia jambo hilo mara 100.

Aliona kwamba kasi huongezeka kwa kiasi kile kile kila sekunde, na kwamba muda ukiwa mara 2, umbali huwa mara 4. Muda mara 3, umbali mara 9. Kitabu chenye habari hizo kilipigwa chapa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638. Galileo alikuwa amekwisha kuwa kipofu, naye amezuiliwa nyumbani kwake kwa hukumu ya mwaka 1633, kwa sababu alifundisha kwamba dunia hulizunguka jua.

Sasa turudi kwa baiskeli yetu; upepo tuuache kando. Tuseme inaanza ikiwa imesimama, na kila sekunde kasi yake yaongezeka nusu mita kwa sekunde. Baada ya sekunde 10 kasi yake ni 10 × ½, yaani mita 5 kwa sekunde. Je, imekwenda umbali gani? Hapa wengi hukosea, hujibu 5 × 10, mita 50. Sivyo. Mita 5 ni kasi ya mwisho tu. Mwanzoni kasi ilikuwa sifuri. Chukua ya katikati, 2½, uizidishe kwa 10: mita 25. Kanuni hii ya katikati wanazuoni wa Oxford waliijua tangu karne ya 14, lakini hawakuiviringisha juu ya ubao.

Ikiachwa sekunde 20, kasi ni mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Ya katikati ni 5. Umbali ni 5 × 20, mita 100.

Na breki? Hesabu ni ile ile, kwa kinyume. Kasi ikiwa mara 2, breki ile ile yataka nafasi mara 4 ili kukusimamisha. Kwa hiyo breki hukamatwa kule juu. Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria zaidi ya 1,200 ilirudi nyuma katika mteremko, kasi ikizidi, mpaka ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa.

Haya, hesabu ya nyumbani. Baiskeli yetu ile ile imeachwa iteremke kwa sekunde 12. Mbuzi amesimama njiani, mita 40 kutoka ilipoanzia. Je, imekwisha kumfikia? Andikeni hatua zote, mmwonyeshe mwalimu wenu.